Uwanja wa Mama Takataka

Mke wangu alipofariki, watu waliokuja kunipa pole walimtaja kwa jina moja tu, na si lile alilopewa na wazazi wake. Walisema, "Pole sana fundi, Mama Takataka ametuacha." Wengine kicheko kiliwatoka kidogo walipolitamka, wakaona aibu, wakainamisha vichwa. Mimi nilitamani wacheke. Mwenyewe angecheka. Sina maneno mengi mdomoni, kila mtu anajua, na tangu aondoke yamepungua zaidi. Lakini nilisoma mpaka kidato cha nne na kalamu bado inanitii, kwa hiyo nimeona niandike jinsi alivyolipata jina lile, kabla mambo hayajaanza kunichanganya.

Nyumba yetu ni moja yenye milango miwili. Upande wa kushoto anakaa mama yangu, upande wa kulia tulikaa mimi na mke wangu, na ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba mama akipiga chafya, sisi ndio tuliokuwa tukimwambia "afya". Mbele ya nyumba kuna uwanja, baada ya uwanja kuna njia, na baada ya njia ni tambarare ya mchanga isiyo na mti, imekwenda mpaka jicho linachoka. Upepo hutoka huko. Kiangazi kikikolea unavuma kutwa, na hauji mikono mitupu. Mchanga uliingia kwenye unga, kwenye masikio, kwenye miswaki. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko ubavuni mwa nyumba. Nilikuwa nikifungua ekseli nipake grisi, nikigeuka tu kuchukua gololi, grisi imeshakuwa msasa. Wateja walinitania kwamba baiskeli zinaingia kwangu zikiwa kimya na zinatoka zikisaga meno.

Nilipooa, mtu alipanda ngazi moja kuingia jikoni. Miaka michache baadaye tulikuwa tunashuka, kwa jinsi mchanga ulivyojaa nje.

Mama alikuwa na dawa moja tu ya mchanga, nayo ni ufagio. Kila kukipambazuka aliinama, mkono mmoja mgongoni, akaufagia uwanja wote kuanzia mlangoni kwake mpaka njiani, na alipomaliza mchanga ulibaki na mistari kama nywele za mtoto aliyechanwa apelekwe kupigwa picha. Jani halikuthubutu kuota pale. Wapita njia waliusifu uwanja kabla hawajamsalimu mwenyewe, naye alijibu salamu na sifa kwa pamoja, bila kuinuka.

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori, anaishi mjini. Mwaka mmoja alikuja upepo ukiwa unakaribia kwisha. Tulikaa kula, akaweka tonge la kwanza mdomoni, likalia kruu. Akaliweka pembeni taratibu.

"Mama, hapa unakula ardhi."

"Afadhali niile mimi kabla haijanila," mama akajibu, na akaendelea kutafuna.

Kaka hakucheka. Alitoka nje akazunguka nyumba. Ukuta wa chumba cha mama, ule unaotazama tambarare, mchanga ulikuwa umeupanda mpaka kwenye dirisha, na kwa chini ukuta ulishaanza kupata unyevu na ufa. Akarudi, akachuchumaa mbele ya mama.

"Nimekutengea chumba kwangu. Kina kitanda, kina taa, dirisha la vioo. Msimu ujao wa upepo ukianza nakuja na lori. Nikikuta mchanga bado unakufuata mlangoni, nakupakia wewe na sanduku lako. Sitaki kupigiwa simu kwamba ukuta umemwangukia mama yangu."

"Na nyumba yangu?"

"Itabaki."

"Ibaki na nani?"

Kaka alikuwa anasema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililofanya asibishiwe. Mama aliinuka, akachukua ufagio, akaenda kufagia uwanja alioufagia asubuhi. Hakutaka kuondoka. Hakusema, lakini sisi wa ng'ambo ya ule ukuta mwembamba tulimsikia akihangaika kitandani siku nyingi baada ya kaka kwenda zake.

Mke wangu naye hakutaka aondoke. Hao wawili walipendana kwa mtindo wao, wa kugombana. Siku moja alikwenda kumwaga majivu jalalani, akarudi bila ndoo.

"Njoo uone kitu."

"Nini, nyoka?"

"Wewe njoo."

Jalala letu liko ng'ambo ya njia, mbele kabisa, upepo unapopiga zaidi kuliko kwetu. Kulikuwa na maganda, magunzi ya mahindi, mkeka uliochakaa, matambara, na katikati ya uchafu wote huo ukoka ulikuwa umejiotea wenyewe, umetambaa na kushikana. Mke wangu akachokonoa chini kwa kidole cha mguu.

"Mchanga wa hapa umelala. Wa kwetu unatembea. Tofauti ni nini?"

"Hapa pananuka."

"Fundi!"

Nikaangalia tena. "Hapa hapafagiliwi," nikasema.

"Eeh. Umeona mwenyewe."

Alikuwa anamtazama mama kwa mbali, ameinama na ufagio wake, na mimi nikaiona vita inakuja nyumbani kwangu kwa miguu yake miwili.

Alimwendea jioni ileile. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo ni ya pili leo. Unataka nini?"

"Nataka tuache kufagia uwanja."

Mama akanigeukia mimi, kana kwamba maneno yametoka kwangu. "Huyu ulimwoa wapi?"

"Si wewe uliyenichagulia, mama?"

"Basi nilichagua magharibi, sikuona vizuri."

Mke wangu hakuondoka. Alikaa chini karibu na miguu yake, akamweleza habari za jalala, kwamba ardhi iliyo uchi inabebwa na upepo na iliyovikwa haibebeki, kwamba kila asubuhi ufagio unaurahisishia upepo kazi. Mama alisikiliza huku akitazama pembeni.

"Unataka niishi jalalani."

"Mama, unataka kwenda mjini?"

"Sitaki."

"Basi niazime uwanja wako msimu mmoja."

Ilimchukua siku kadhaa kukubali, na alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Ufagio akauegemeza nyuma ya mlango wake, mahali ambapo angeweza kuuona.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mke wangu alikata nyasi kavu mizigo na mizigo, akazitandaza uwanja mzima asubuhi, zikapendeza kama zulia. Mchana upepo ukaja, ukazikunja zote, ukaondoka nazo. Jirani yetu wa upande wa chini ni mshonaji wa nguo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, na siku hiyo alikuwa ameanika gauni la bibi harusi. Tulimwona akija amelishika gauni kwa mikono miwili, limeota nyasi kuanzia kola mpaka pindo.

"Nani mwenye takataka hizi? Bibi harusi wangu anakwenda kuolewa au anakwenda kuliwa na mbuzi?"

"Nisamehe dada, ni mimi," mke wangu akasema.

"Ni wewe, Mama Takataka? Haya, njoo unyonyoe!"

Alikwenda, akakaa kwenye benchi la mshonaji akanyonyoa jani mojamoja mpaka jua likazama. Alikwenda na lawama, akarudi na rafiki na gunia la vipande vya vitambaa. Lakini jina lilikuwa limeshatoka, na jina likishatoka kwa mshonaji yule hakuna wa kulirudisha.

Usiku huo hakula vizuri. Mimi, ambaye nilikuwa nimenyamaza muda wote, nikasema la kiufundi. "Kitu usipokikaza bolti, kinatembea."

Akanitazama. "Rudia."

"Nyasi zako hazijakazwa."

Kesho yake tukaanza kukaza. Tulichukua mabua ya mahindi, tukayalaza mchangani, kisha katikati yake nikakandamiza kwa ncha ya sepetu mpaka yakazama na miisho yote miwili ikasimama juu. Tulipanga mstari wa kwenda na mstari wa kukatisha, ukawa uwanja wa vijumba vijumba, kama bao la drafti. Upepo ulipokuja ulitikisa mabua, ukakoroma, ukaacha mchanga wake ndani ya vile vijumba, ukapita mtupu. Mke wangu alipiga kelele mpaka mama akatoka kuuliza nani kafa.

Ndani ya vijumba akapanda vipande vya ukoka kutoka jalalani, kila kimoja kifundo kimoja chini ya mchanga na kimoja juu. Alivinyweshea maji ya kuoshea vyombo. Palipobaki wazi alitandika chochote kizito: mkeka mbovu, magunia, magunzi, vile vitambaa vya mshonaji vilivyofungwa mafundo. Akawa anapita kwa watu akiomba wanachotupa. Watoto wa njiani walimwita kwa mbali:

"Mama Takataka! Kuna kiatu huku, unakitaka?"

"Kama mguu haumo ndani, leteni!"

Mvua za mwisho zikanyesha na ukoka ukashika. Kwanza ulikaa kimya, nikadhani umekufa, kisha ukaanza kutoa mikono, ukavuka kijumba kimoja kwenda kingine. Mke wangu alikuwa akiamka anakwenda kuutazama kabla ya kunawa uso.

Aliyeteseka ni mama. Mikono ilimuwasha. Alifagia chumbani kwake asubuhi na jioni, akafagia jikoni, akaja kufagia kibanda changu, zikapotea njiti za gurudumu nilizokuwa nimeziweka tayari. Uwanjani alipita akiuruka ukoka kama mtu anayemruka mlevi aliyelala njiani. Wapita njia hawakumsifu tena. Mmoja alimuuliza kama anaumwa. Hilo lilimwingia.

Upepo ulipoanza kuonyesha dalili, kaka akapiga simu. Anakuja Jumamosi, na lori. Mama akaitikia "karibu mwanangu", akakata simu, akaiacha chai yake mpaka ikapoa.

Alhamisi mimi na mke wangu tulikwenda shambani kwa mtu mmoja aliyekuwa amevuna, kuomba mabua mengine. Tulirudi jua likiteremka, kila mmoja na mzigo kichwani, na tukauona moshi kabla hatujaiona nyumba.

Mama alikuwa amesimama uwanjani, jasho linamtiririka, ufagio mkononi, uso unang'aa. Upande wake wote, kuanzia mlangoni kwake mpaka njiani, ulikuwa umefagiliwa mistari mistari. Mabua yameng'olewa, ukoka umeng'olewa, magunia na vitambaa vimerundikwa vinaungua.

"Karibuni sasa kwenye nyumba ya watu," akasema.

Mke wangu alitua mzigo chini polepole sana. "Mama..."

"Nisikilize kwanza. Mwanangu wa kwanza anakuja. Akikuta uchafu mlangoni kwangu atasema nini? Atasema mama kazeeka, hata ufagio umemshinda. Atanipakia hata kabla ya kuangalia ukuta. Sasa nimefagia. Akija ataona nina nguvu zangu, ataniacha nyumbani kwangu."

Alikuwa ameshalifikiria lote. Alikuwa amefagia ili abaki.

Mke wangu akaketi juu ya mzigo wa mabua. Akauliza, "Na upande wetu?"

"Kiuno kiligoma. Nitamalizia kesho."

"Usimalizie, mama. Nakuomba."

"Pabaki hivi? Nusu safi, nusu chafu, kama mtu aliyemkimbia kinyozi?"

"Pabaki hivyohivyo."

Alipoingia ndani nilimfuata. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtoka, na wakati huohuo anatikisa kichwa. "Hata wa kumkasirikia sina," akaniambia. "Ningemkasirikia nani? Umemwona alivyokuwa anang'aa?"

Ijumaa, kabla ya mchana, upepo ukafika, na haukuwa wa kujaribu. Tulifunga madirisha, tukaziba nyufa kwa matambara, tukala mkate mkavu kwa sababu jikoni hapakukalika. Ulivuma mpaka tukalala, na tulipolala ukaendelea.

Asubuhi kulikuwa shwari. Milango yetu inafungukia nje, mjenzi alituambia kwamba hivyo ndivyo vyumba vinavyopata nafasi. Nikasukuma wetu, ukafunguka, ukasogeza vumbi kidogo tu. Mbele yetu vijumba vya mabua vilikuwa vimejaa mchanga mpaka shingoni, na juu yake ukoka umetoa ncha zake. Ukutani kwetu hapakuwa na kitu.

Kisha tukasikia kishindo upande wa pili. Du. Kimya. Du.

Mbele ya mlango wa mama mchanga ulikuwa umejipanga mpaka magotini kwangu, laini, mzuri, umechongwa na upepo. Mlango ulisukumwa kutoka ndani, haukwenda popote. Halafu uso wa mama ukatokea dirishani, nyuma ya nondo.

"Msicheke," akasema.

"Hatucheki, mama."

"Huyo nyuma yako mabega yanatikisika."

"Anakohoa, mama. Vumbi."

Nikaenda kuchukua sepetu, na ndipo tuliposikia honi. Kaka hupiga honi tangu mbali, ili mama apate muda wa kujifunga kitambaa kichwani. Lori likasimama njiani, akashuka na shati lake lililopigwa pasi, akatutazama sisi, akautazama mchanga, akamwona mama dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu sana. Samahani, siwezi kutoka."

"Nani kakufungia?"

"Mimi mwenyewe," mama akasema.

Kaka alininyang'anya sepetu, akachimba kwa pupa, shati na pasi yake vyote vikaisha hapo. Mama alipotoka alimshika mabega, akamgeuza huku na huku kama anayetafuta alipoumia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, umeona mwenyewe. Je, kama ungekuwa unaumwa humo ndani? Kama hawa wangekuwa wamesafiri? Mimi siwezi kulala kwa mawazo haya. Tupakie vitu, tuondoke kabla upepo haujarudi." Akaenda kufungua ubao wa nyuma wa lori. Ukaanguka kwa kishindo, na mimi moyo ukaanguka nao.

"Shemeji," mke wangu akaanza, "hebu angalia upande huu—"

Mama akainua mkono. "Nyamaza, mwanangu. Hili ni langu."

Akatembea, miguu mitupu, kuanzia mlangoni kwake. Mchanga ulimmeza mpaka vifundoni. Akafika pale ufagio wake ulipoishia Alhamisi, akapanda kwenye mabua na ukoka, akasimama. Akaukanyaga, mara ya kwanza kumwona asiuruke. Akainama, akashika uzi mmoja wa ukoka, akavuta. Haukutoka. Akavuta kwa mikono miwili, akaketi kitako, na uzi bado uko ardhini.

"Njoo hapa," akamwita kaka. "Ukuta wao, mchanga uko wapi?"

Kaka akatazama. "Sioni mchanga."

"Umo humu. Umekamatwa. Mke wa mdogo wako aliukamata, upande wake na upande wangu pia. Wa upande wangu nikaufungulia mimi. Juzi. Kwa ufagio."

"Kwa nini?"

"Wewe si ulikuwa unakuja? Nilitaka ukute pasafi, uone bado nina nguvu, usinichukue."

Kaka alikwenda kukaa kwenye ngazi ya lori. Alijipangusa uso kwa kiganja, akauacha na mchanga mwingi kuliko mwanzo. Alikuwa anacheka na hacheki vizuri. "Mama, ulifagia uwanja wote huu kwa ajili yangu?"

"Nusu. Kiuno kiligoma."

Hapo mke wangu alishindwa kujizuia, akaenda kuchekea nyuma ya nyumba.

Kaka alizunguka ukuta tena. Aliuchungulia upande wa mama, akauchungulia wetu, akakandamiza kiatu kwenye vijumba kuona kama vitazama. Ni mtu wa kupakia mizigo, anajua kitu kilichofungwa sawasawa. Aliporudi alisema, "Msimu mmoja. Huo ufa tunauziba leo. Mwakani nitakuja upepo ukiwa katikati, si mwanzoni. Nikikuta mlango huu umegoma kufunguka, mama, hakuna maneno."

"Hakuna maneno," mama akasema. "Sasa hilo lori limebeba nini?"

"Halijabeba kitu. Nililileta libebe vitu vyako."

"Lori tupu kutoka mjini mpaka huku, halafu lirudi tupu? Na mafuta yote hayo? Nipandishe. Twende tukachukue uchafu."

Alipanda mbele, karibu na dirisha, mimi na mke wangu tukapanda nyuma. Tulikwenda mashamba yote yaliyovunwa. Mama hakushuka. Alinyoosha mkono dirishani na kuamuru. "Yale! Hapana, yale yameoza. Haya, hata yaliyooza lete, yatakuwa mazito." Mwanamke aliyekuwa haruhusu jani moja liote kwake alikuwa sasa anatukemea kwa kuacha bua moja shambani. Kwenye mashine ya kusaga tukapakia magunzi. Mshonaji alisikia, akatupia magunia yake mawili juu bila kuulizwa, akasema na yeye apangiwe upande wake, kachoka kufua nguo za watu mara mbili.

Njiani tulipishana na dereva mwingine anayemfahamu kaka. Akapunguza mwendo, akautazama mzigo, akamtazama na yeye alivyochafuka.

"Siku hizi unazoa taka?"

"Namhamisha mama yangu."

"Unampeleka wapi?"

"Kwake," kaka akasema, akakanyaga mafuta.

Tulifanya kazi siku hiyo na iliyofuata, kaka akikandamiza kwa sepetu na mama akitembea nyuma yake akitafuta mahali palipobaki wazi. "Hapa umeruka. Na hapa. Wewe lori unalipanga hivihivi?" Mvua zilipokuja, mama mwenyewe ndiye aliyepanda ukoka upande wake, na akawa anautenga na wetu kwa jicho, akidai wake unatambaa haraka zaidi. Waligombana kuhusu hilo mwaka mzima, yeye na mke wangu. Walikuwa wanapimana kwa vijiti.

Upepo wa mwaka uliofuata ulikuwa mkali. Kuna asubuhi nilimsikia mama, ng'ambo ya ukuta, akisimama nyuma ya mlango wake bila kuusukuma. Mke wangu naye alikuwa macho, ameninyamazisha kwa kidole. Kisha tukasikia bawaba. Kisha tukamsikia mama akiutukana upepo kwa majina yote anayoyajua, polepole, kwa raha zake, na tukarudi kulala.

Kaka alifika katikati ya msimu kama alivyosema. Alifika kwa basi, amebeba mkoba mdogo. Uwanja ulikuwa umekuwa kijani chote, mbaya kidogo, gunia limechomoza hapa, gunzi pale. Mama alikuwa amekaa katikati yake anachambua mboga, miguu ameinyoosha juu ya majani.

"Lori liko wapi?" akamuuliza kabla hata ya salamu.

"Liko kazini, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa ulitaka kunichukua na nini, mgongoni?"

"Sikuja kukuchukua."

"Sikusikia."

"Nimesema sikuja kukuchukua, mama. Nimekuja kuwasalimu."

Mama akageuka nyuma, akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mkwe wangu! Umemsikia? Kasema mwenyewe, mbele ya mashahidi!"

Mke wangu alitokea mlangoni ameshika mwiko. Yeye akicheka, kwanza haitoki sauti. Mdomo unafunguka, mkono unapiga paja, macho yanafumba, halafu baadaye kabisa ndipo kicheko chenyewe kinafika, kama kilikuwa kinakuja kutoka mbali kwa miguu. Siku hiyo kilipofika, kaka akadakia, mama akadakia, na mimi nikaacha baiskeli ya watu imepinduka nikaenda kukaa nao kwenye majani.